Mkono Uokoao na Mkono Ukamatao

Kulinda raia ni wajibu wa kwanza wa serikali, wala hakuna mwenye akili atakayeilaumu kwa kumwandama muuaji. Aprili 2, 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Basi asidhani msomaji kwamba makala haya yanataka kuwapunguzia wauaji hatia yao. Yanauliza swali moja tu: serikali ya Kenya yawezaje kuwaita vijana watoke katika ugaidi, hali mkono uwaitao na mkono uwakamatao ni mmoja?

Mmoja wa wauaji wa Garissa, kama serikali yenyewe ilivyotangaza, alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Habari hii yavunja dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba ugaidi ni maradhi ya wajinga na maskini peke yao. Ya pili ni kwamba wazazi huficha maovu ya wana wao. Baba wa kijana huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Alitimiza wajibu wake. Lakini yeye alikuwa chifu, mtu wa serikali, aliyejua mlango wa kubisha. Je, mama wa Majengo au wa Likoni abishe mlango gani?

Mama huyo si mjinga. Ana macho na kumbukumbu. Anakumbuka Februari 2014, polisi walipoingia kwa nguvu katika Msikiti Musa, Mombasa, wakakamata watu zaidi ya mia moja, na watoto wakiwamo. Anakumbuka Aprili ya mwaka ule ule, maelfu ya watu, hasa Wasomali wa Eastleigh, walipokusanywa na wengi wao kuzuiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Anakumbuka pia Aboud Rogo aliyeuawa kwa risasi mwaka 2012, na Abubakar Shariff, aliyeitwa Makaburi, aliyeuawa mwaka 2014 karibu na mahakama ya Shanzu. Mahubiri yao yalishutumiwa kuwa sumu, na huenda yalikuwa hivyo; lakini mahali pa kuipima sumu hiyo palikuwa ndani ya mahakama, si barabarani nje yake.

Siku chache baada ya msiba wa Garissa, waziri wa mambo ya ndani, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha na kuwapa vijana siku 10 wajisalimishe. Lilikuwa neno jema, ila halikuwa na sheria nyuma yake. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 ilibaki vile vile, na kwa sheria hiyo, kuwa mwanachama wa kikundi cha kigaidi ni kosa liwezalo kumfunga mtu hadi miaka 30. Waziri alisema njoo. Kitabu cha sheria kikasema kifungo. Septemba 2016 ukatangazwa mkakati wa taifa wa kupambana na itikadi kali, wenye kutaja elimu, dini na ushauri nasaha. Ni maandishi mazuri, lakini maandishi hayamlindi kijana usiku akigongewa mlango.

Wako watuambiao kwamba nyoka habembelezwi. Twawajibu kwamba kijana aliyedanganywa akarudi si nyoka. Ndiye ajuaye shimo la nyoka lilipo, na akiuawa hufa na habari zake. Tena hesabu haiko upande wao. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wake juu ya watu waliojiunga na vikundi hivi barani Afrika. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma mwisho. Ukali usio na sheria, basi, hauzimi moto huu, huupelekea kuni.

Twadai mambo matatu. Kwanza, msamaha uandikwe katika sheria ya Bunge, na hakimu, si polisi, ndiye aamue nani aingie katika msamaha na nani ashtakiwe. Pili, mshauri, mwalimu na shekhe watakaompokea kijana wasigeuzwe kuwa wapelelezi, isipokuwa pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini. Tatu, kila aliyetoweka mikononi mwa dola atolewe hesabu mbele ya jamaa zake. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji serikali ikubali kufungwa na sheria yake yenyewe. Na sisi wa vyuo vikuu, ambao Garissa ilituachia makaburi, tusiwe wa mwisho kuyadai.