L59 haikurudishwa kwa hila za Waingereza

Hadithi ya L59, meli ya angani ya Wajerumani iliyotumwa Novemba 1917 kuwaokoa wenzao huku kwetu, imetiwa chumvi kupita kiasi. Nahodha wake, Ludwig Bockholt, wala hakuihitaji.

Wapo wanaodhani ilikuwa inakuja pwani. Ije kwa nani? Tanga ilikwisha kwenda Julai 1916, Bagamoyo ikatekwa kutokea baharini tarehe 15 Agosti, Dar es Salaam ikafuata Septemba. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari tangu Machi 1915. Rubens, meli ya shehena iliyojaribu kupenya mwezi uliofuata, ilipigwa makombora katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Kwa kuwa bahari imezibwa, daktari Max Zupitza akatoa wazo la kupita juu. Mzigo ulikuwa wa kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, nyanda za Makonde.

Dai linalopendwa kuliko yote ni kwamba Waingereza walirusha simu ya upepo ya uongo, Bockholt akageuka. Tamu kweli, lakini amri ilitoka Nauen, kituo cha Wajerumani wenyewe, na habari zake hazikuwa za kubuni: adui amekwisha kushika sehemu kubwa ya nyanda zile, Kitangari ikiwemo. Hiyo ilikuwa tarehe 23. Tarehe 25 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na siku hiyohiyo L59 ikatua Jamboli, Bulgaria, ilikotoka. Ingeendelea, ingewakuta wenyeji wake wamehama.

Tena haikuwa “karibu kufika”. Iligeukia Sudan, magharibi ya Khartoum, ikiwa imebakiza kama kilomita 3,000. Jangwa lilikuwa limewachosha: jua la mchana lilipasha gesi, usiku ikanywea, meli ikaporomoka gizani hadi wakalazimika kutupa mizigo ili inyanyuke.

Rekodi? Kilomita 6,757 bila kutua, hiyo ilikuwa yake halali wakati ule. Ya muda haikuwa yake. Saa zake 95 zilikuwa zimekwisha kupitwa Julai mwaka huohuo na LZ 120 ya Ernst Lehmann, iliyokaa saa 101 juu ya bahari ya Baltiki.

Wanaomsifu Bockholt kama rubani asiyekosea nao wanasahau L57, meli ya kwanza iliyoandaliwa kwa safari hii. Oktoba 1917 aliitoa kuijaribu huku dhoruba inakuja, ikaharibika, ikaungua. Kwa ujasiri simbishii: Aprili mwaka huo, akiwa na L23, aliteka jahazi la Norwe kutoka angani.

Je, shehena yake ingegeuza vita? Tani kama 15 za risasi, bunduki za rashasha, dawa, hata vifaa vya kushonea. Haidrojeni ya kurudia haikuwapo, kwa hiyo meli yenyewe ingevunjwa: kitambaa kiwe mahema, mifupa yake milingoti ya redio. Msaada mkubwa, sikatai. Lakini siku ileile ya kuvuka, Lettow-Vorbeck aliwapiga Wareno Negomano akajitwalia bunduki na risasi bila kusubiri mbingu.

Na kuhusu mwisho wake: haikudunguliwa na Waingereza. Tarehe 7 Aprili 1918 iliwaka juu ya mlango-bahari wa Otranto ikielekea Malta, wote wakafa. Si Waingereza wala Waitaliano waliojitwalia sifa ya kuiangusha.