Sokoine alikuwa mfugaji, tumkumbuke na kwa hilo

Ndugu zangu wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wa Mwamkulu, kila ifikapo tarehe 12 Aprili redio hutukumbusha Hayati Edward Moringe Sokoine. Tunasikia habari za Waziri Mkuu mchapakazi, aliyechukia rushwa na ulanguzi. Ni sawa. Lakini mimi kama mtu wa ugani naona kuna jambo tunalipita haraka mno: yule mzee alikuwa mfugaji.

Alizaliwa Monduli mwaka 1938, kwenye jamii ya Kimasai. Akasoma, akawa mtendaji wa halmashauri ya Wilaya ya Masai, na mwaka 1965 wafugaji wenzake wakampeleka bungeni. Akapanda hadi uwaziri mkuu, mara mbili. Mwaka 1984 alikuwa akitoka bungeni Dodoma alipofariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45 tu. Walimzika kwao, Monduli Juu. Mwaka huohuo chuo kikuu kipya cha kilimo pale Morogoro kikapewa jina lake, ndiyo SUA tunayoisikia. Yaani jina la mfugaji ndilo lililo kwenye vyeti vya mabwana shamba na madaktari wa mifugo wengi wa nchi hii.

Sasa mtauliza, Monduli na Mwamkulu wapi na wapi? Sikilizeni.

Hapa kwetu kuna mpunga na kuna ng'ombe, na mara nyingi vyote viwili viko kwenye kaya moja. Viongozi wetu nao wana ng'ombe. Sioni ubaya wowote. Mtu asiye na mifugo wala shamba atajuaje shida zetu? Ubaya unaanza pale ng'ombe wanapoingia kwenye majaruba. Wakiwa wa mtu wa kawaida, siku hiyohiyo kikao kinakaa na fidia inatajwa. Wakiwa wa mwenye cheo, au wa mwenye kundi kubwa anayechangia kila harambee, tunaambiwa tuyamalize kindugu. Undugu huo humwacha mama wa nusu eka bila mpunga. Simtaji mtu, na jambo hili haliko Mwamkulu peke yake.

Sokoine ninayemheshimu ni yule aliyeweza kuwaambia watu wake mambo wasiyopenda kuyasikia. Katikati ya miaka ya 1970 umasaini kulikuwa na Operesheni Imparnati, ya kuwaweka wafugaji kwenye makazi ya kudumu. Mbunge wao alikuwa yeye. Angeweza kujificha nyuma ya mila apate kura kwa raha. Hakufanya hivyo, aliendelea kuwahimiza wapeleke watoto shule na wafuge kwa utaalamu.

Sisemi kila kitu cha zama zile kilikuwa sahihi. Kumtaka mfugaji wa nchi kavu akae mahali pamoja na ng'ombe wake mwaka mzima ni kutojua malisho. Kiangazi lazima ng'ombe wahame, la sivyo ardhi inabaki vumbi. Kinachopaswa kutulia ni nyumba, shule ya watoto na josho. Hata leo nawaambia wafugaji hivyohivyo, na bado naona watoto wa miaka tisa wakichunga ng'ombe hamsini saa nne asubuhi, siku ya shule. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuwazuia ng'ombe hamsini walioona mpunga wa kijani. Nusu ya kesi zetu zinaanzia hapo.

Nanyi wafanyabiashara msidhani mmesahaulika. Mwaka 1983 Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sukari na sabuni zilikuwa hazionekani madukani, na waliozificha waliogopa. Ila tuseme na upande wa pili: watu walianza kukamatwa kabla sheria yenyewe haijapitishwa bungeni, na wenye vibanda vidogo nao walikumbwa na hofu ileile ya walanguzi wakubwa. Mwaka huohuo watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, ndipo daladala zikatokea. Kwa hiyo msimgeuze kuwa adui wa biashara. Mlanguzi wa leo hafichi sabuni. Anapima mpunga kwa lumbesa, au anauza mbolea ya ruzuku kwa bei ya mlango wa nyuma.

Turudi kwenye majaruba. Tarehe 12 Aprili mpunga wetu mwingi uko kwenye kutoa masuke. Mpunga mchanga ukiliwa au kukanyagwa unaweza kuchipua tena. Ukiliwa masuke yakiwa yametoka, msimu umekwisha, na mwenye shamba tayari ana deni la trekta na la mbolea. Ndiyo maana naona namna ya kumuenzi mfugaji yule, kwa hapa kwetu, ni kikao kimoja mwezi wa pili au wa tatu cha kukubaliana mapito ya mifugo na mahali pa kunyweshea. Wenye makundi makubwa, hasa wenye vyeo, wawe wa kwanza kusaini. Jirani mwenye ng'ombe wanne atafuata tu akiona mwenye mia mbili amekubali.

Na uharibifu ukitokea, usikimbilie fimbo wala kumkata ng'ombe wa mtu panga. Ukifanya hivyo mlalamikiwa unakuwa wewe. Ita uongozi wa eneo lako, niite na mimi. Nitapima eneo lililoliwa, na tutavuna kipande kidogo ambacho hakikuguswa tujue shamba lile lingetoa magunia mangapi. Hapo fidia inakuwa hesabu, haiwi maneno. Mwenye ng'ombe naye awepo ahesabu mwenyewe, awe mjumbe au awe diwani. Njooni siku hiyohiyo, kabla mvua haijafuta alama za kwato.