MASHAURI YA JUMA: Mzigo wa Mwenda Milimani

Mtu atakaye kuunga vilele virefu vya Kenya ya kati kwa safari moja ya miguu, huku akichukua vyakula vyake mgongoni bila wapagazi, hapana budi aianze safari hiyo nyumbani, kwa kalamu na karatasi. Vilele vya kufikiwa na mwenda kwa miguu ni vitatu. Viwili vi katika safu ya Nyandarua: Kinangop, mita 3,906, na Satima, mita 4,001. Cha tatu ni Lenana katika Mlima Kenya, mita 4,985. Batian na Nelion vimekipita kwa urefu, lakini hivyo ni vya watu wenye kamba na ujuzi wa kupanda miamba.

Ujasiri peke yake hautoshi. Mnamo Januari 1943 mateka watatu wa Kiitalia, Benuzzi, Balletto na Barsotti, walitoroka katika kambi ya Nanyuki ili waupande mlima tu. Chakula chao kilikuwa kile walichojinyima kambini. Barsotti aliugua, wenzake walijaribu Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana. Waliteremka wakiwa wameshikwa na njaa, wakarudi kambini kwa hiari yao.

Basi hesabu ya kwanza ni ya chakula. Mtu akila gramu 800 za vyakula vikavu kila siku, siku kumi zitamtaka kilo nane. Lakini akiigawa safari mara mbili, Nyandarua siku tano na Mlima Kenya siku tano, akanunua tena vyakula mjini Nyeri, atachukua kilo nne tu kwa mara moja. Na aongeze chakula cha siku moja ya akiba, asije akalazimishwa na njaa kupanda siku mbaya. Maharagwe mabichi ayaache nyumbani. Penye mita 4,200 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharagwe yatamaliza mafuta ya taa kabla ya kuiva. Unga, njugu zilizokaangwa na sukari vyafaa zaidi.

Hesabu ya pili ni ya kimo. Kilima kidogo na kiwe mwalimu wa kikubwa: Kinangop kwanza, kisha Satima, na Lenana mwisho. Mwili uliolala juu Nyandarua hausahau mara moja. Hata hivyo, waganga wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Katika njia ya Naro Moru, kutoka Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050, mpaka kambi ya Mackinder, mita 4,200, ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na wengi huimaliza kwa siku moja. Mwenye busara atalala siku mbili kituoni na siku mbili kambini. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, asipande tena. Akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ni dalili kwamba maji yanajaa mapafuni. Ateremke saa ile ile, ijapokuwa ni usiku, kwa maana ugonjwa huo huua.

Mwisho, achague Januari na Februari, kabla ya masika. Apate ruhusa ya Shirika la Wanyamapori, na katika Nyandarua, penye nyati na tembo, aandamane na askari mwenye bunduki. Tena tangu 2009 safu hiyo imezungukwa na uzio wa umeme. Kwa hiyo njia yake ipitie malangoni.

Aliyefanya hesabu hizi akarudi bila kufika kileleni hana aibu, mlima hauhami. Mwenda pole hajikwai.