Alama ya muungano isiyo muungano

Leo nataka kulalamika kidogo kuhusu lugha ya programu ninayoipenda: APL.

Kama hujawahi kuiona, usijali, wengi hawajaiona. Ilianza kama njia ya kuandika hesabu, kabla haijawahi kuendeshwa na kompyuta yoyote. Kenneth Iverson, Mkanada aliyefundisha Harvard, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Turing. Utamu wake ni kwamba huandiki kitanzi cha kupitia namba moja moja. Unaipa orodha nzima, unaweka alama moja, kazi imekwisha.

Tuchukue kaunti zetu 47, kila moja na namba yake: Mombasa 1, Kwale 2, na kuendelea. Nina orodha mbili. Ya kwanza ni kaunti za uliokuwa Mkoa wa Pwani, ya pili ni zile zinazopakana na Tanzania kwa nchi kavu (Kwale, Taita-Taveta, Narok, Kajiado na Migori):

pwani ← 1 2 3 4 5 6
mpaka ← 2 6 33 34 44

Katika Dyalog APL, ukiandika pwani∩mpaka unapata 2 6, yaani Kwale na Taita-Taveta. Ukiandika pwani∪mpaka unapata kaunti 9. Safi kabisa, kama ubaoni shuleni.

Sasa tuseme karani fulani amechapa Kwale mara mbili:

pwani ← 1 2 2 3 4 5 6

Hapo pwani∩mpaka inatoa 2 2 6, lakini mpaka∩pwani inatoa 2 6. Muungano nao: pwani∪mpaka ina vitu 10, mpaka∪pwani ina 9. Mwalimu alitufundisha kwamba katika seti mpangilio si kitu na kurudia si kitu. Hapa vyote viwili ni kitu!

Na hii si hitilafu. Ndivyo ilivyopangwa: alama ile inachukua orodha ya kushoto jinsi ilivyo, kisha inaongeza mwishoni vile vya kulia ambavyo havimo kushoto. Ni kazi ya orodha iliyovalishwa kanzu ya seti. Kama orodha hiyo ndiyo inayotumiwa kugawa dawa au pesa, Kwale itahesabiwa mara mbili, na programu haitatoa onyo lolote.

Wengi watakwambia usafishe matokeo: ∪pwani,mpaka. Alama ileile ikiwekwa mbele ya orodha moja huondoa marudio. Inafanya kazi, lakini lazima ukumbuke kila mara, na binadamu husahau.

Maoni yangu ni haya: pale unapojua vitu vyote vinavyowezekana, usiweke seti kama orodha. Iweke kama biti.

u ← ⍳47
a ← u∊pwani
b ← u∊mpaka

Sasa a ni safu ya biti 47. Kaunti ikiwemo ni 1, isipokuwemo ni 0. Kwale hata ikichapwa mara kumi, biti yake ni moja tu. Muungano ni a∨b, makutano ni a∧b, zilizo Pwani lakini haziko mpakani ni a∧~b, na zilizo nje ya Pwani ni ~a. Ukitaka kuhesabu, +/a∨b inakupa 9, na +/b∨a inakupa 9 vilevile. Ukitaka namba zenyewe, (a∨b)/u. Sheria zote za seti zinatimia bila wewe kuzilinda, na hii ndiyo kazi ambayo lugha za safu zinaiweza kuliko zote.

Najua pingamizi: namba za simu au majina ya watu huwezi kuyaorodhesha yote mapema. Kweli. Hapo ondoa marudio mlangoni, data inapoingia, kabla ya hesabu yoyote.

Kwa hili naisifu J, lugha ambayo Iverson aliitengeneza na Roger Hui mwaka 1990. Haina alama ya muungano kabisa. Unaandika ~. x , y mwenyewe: unganisha orodha, kisha ondoa marudio. Ni herufi chache zaidi, lakini unaona ulichoamua. Afadhali hivyo kuliko alama nzuri inayoahidi jambo isilolitimiza.