Maji yanapokupwa, bibi anabaki na nani?

Siku za bamvua, maji ya ghuba ya Chwaka hukupwa mbali, na kinamama wanaolima mwani hushuka pwani na kamba zao. Kazi hiyo haimsubiri mtu. Maji yakisharudi, siku imekwenda.

Chukua nyumba ambayo mmoja wa kinamama hao ndiye anayemuuguza mama yake mzazi, bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyepooza upande mmoja. Binti akiwa pwani, bibi hulala saa nne au tano juu ya kanga iliyolowa. Mjukuu wa darasa la tatu yupo, lakini bibi anaona haya kumwomba ambadilishe nguo. Basi ananyamaza.

Hakuna aliyemtupa bibi huyu. Anapendwa, analishwa, anaombewa dua. Kinachokosekana ni mtu wa pili.

Zanzibar haikuwasahau wazee wake. Tangu Aprili 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 hupata Pensheni Jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wasio na jamaa wa kuwatunza wana makao ya Serikali ya Sebleni na Welezo, na kwa Pemba, Limbani. Lakini wazee wengi wako majumbani, na pesa hazimgeuzi mtu kitandani.

Kugeuzwa si jambo dogo. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kubadilishwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kisigino, nyonga na makalio huanza kufa. Dalili ya mwanzo ni doa jekundu, au jeusi kuliko ngozi ya pembeni, lisilopotea hata baada ya kuondoa uzito juu yake. Ukiliona, usilisugue. Mwondoe mzee upande huo, mkaushe vizuri, na umpeleke kituo cha afya kabla halijawa kidonda.

Heshima nayo ni sehemu ya matibabu. Mwambie mzee unachotaka kufanya kabla ya kumshika. Shusha pazia. Bibi aoshwe na mwanamke, babu na mwanamme, kila inapowezekana. Usimsimulie choo chake mbele ya wageni. Pensheni ni yake: muulize anataka inunue nini, hata kama jibu ni tambuu.

Kisha liko jambo la familia. Mara nyingi kaka yuko mjini, mwengine yuko Muscat, na wote hutuma chochote. Wanashukuriwa. Lakini anayeamka usiku ni yule yule mmoja, na akichoka hulaumiwa kwa ukali wake. Kaeni kikao. Andikeni nani analala na mama Ijumaa na nani anakuja wiki ya bamvua. Asiyeweza kuja alipe jirani anayeaminika ashike zamu yake.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe familia peke yake, kwa sababu njia ya kuusaidia ipo tayari. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu zinazowaongoza kumfuatilia mama mjamzito na mtoto mdogo. Mhudumu anayekuja kumwangalia mtoto anapita mlango wa chumba cha bibi. Apewe mafunzo na posho ya kuingia humo pia: aikague ngozi, aulize dawa ya presha, amwoneshe binti namna ya kumgeuza mtu mzito bila kujiumiza mgongo. Na kila shehia ijue ina wazee wangapi wasioweza kuinuka.

Hayo yanaweza kuombwa kwa sheha na kwa mwakilishi wa jimbo. Wazazi wa Chwaka wamezoea kudai chanjo na madarasa kwa ajili ya watoto wao. Waseme na hili kwa sauti ile ile.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, ingia chumbani kwa mzee wako. Muulize amelalia ubavu gani tangu alasiri, na mwite mjukuu aje ashike mto. Naye ajifunze mapema namna ya kumshika mtu mzima kwa adabu.