Mpangaji analipa mwaka mzima kabla ya kuujua mtaa

KILA anayehamia Dar es Salaam hukabiliwa na swali moja kabla ya kufungua mizigo yake: akae wapi? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huo, ongezeko la zaidi ya milioni moja tangu sensa ya mwaka 2012, hivyo swali hilo si la watu wachache.

Wengi hulijibu kwa kutazama kodi ya chumba peke yake. Chumba cha Chanika huonekana rahisi hadi mpangaji mwenye kazi Posta anapoanza kulipa nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, tena akiamka saa kumi alfajiri. Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, umbali wa kufika kituoni nao umekuwa sehemu ya thamani ya nyumba.

Mabondeni hali ni ya hatari zaidi. Nyumba za huko hupendeza wakati wa kiangazi, kwa kuwa ziko karibu na Kariakoo na kodi yake ni nafuu. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini, na mapema mwaka uliofuata Serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika wa Bonde la Msimbazi huko Mabwepande, mbali na shughuli zao za kila siku.

Mambo hayo mgeni angeyagundua katika miezi miwili na kuhama. Hawezi, kwa sababu wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja. Anayekosea mtaa hana fedha ya kuhamia mwingine.

Wenye nyumba wana hoja yao. Wengi hujenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki, na fedha ya mkupuo ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata. Aidha, wanaogopa wapangaji wasiolipa. Hata hivyo, hofu hiyo ingetulizwa na amana ya mwezi mmoja au miwili. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na katika makubaliano ya watu wawili ambao mmoja hana pa kulala, ni wazi nani hupanga masharti.

Mwenye ndugu jijini ana nafuu. Hufikia kwake wiki chache, akajaribu daladala za asubuhi katika mtaa anaoutamani na kuwauliza wenye genge maji ya bomba hutoka siku zipi. Asiye na ndugu hulipa kwanza, kisha ndipo huuliza.