Usimnunulie mzee kiti, mnunulie mbegu (Uzi wa nesi, sehemu ya 7)

1.
Leo tuweke pembeni habari za wodini. Naongea na wewe unayepanga kwenda nyumbani mwisho wa mwaka na umeshaanza kujiuliza mzee umbebee nini.

Najua unachofikiria. Lile kapu la supamaketi lililofungwa nailoni na utepe mwekundu: biskuti, juisi ya boksi, chokoleti, jamu. Kwenye picha linapendeza kweli. Sasa jiulize, mzee wako ana kisukari? Kama anacho, hapo umembebea nini? Wajukuu watakula, yeye atabaki na nailoni.

Mwaka huu naomba umfungie kapu la bustani. Nitakwambia kwa nini, na nitaanza na makosa yangu mwenyewe.

2.
Mimi nimelelewa na mama yangu mkubwa, kule Muheza. Mwanamke wa jembe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bamia, mchicha, ngogwe, na mchunga uliojiotea ambao ole wako uung'oe ukidhani ni magugu. Alipofika miaka 70 akapimwa, akakutwa na presha na kisukari. Sisi watoto tukakaa kikao, tukaamua apumzike. Tukamlipa kijana afyeke, tukanunua sofa na televisheni, jembe tukalificha stoo. Na mimi, nesi wa familia, ndiye niliyekuwa mstari wa mbele.

Miezi kadhaa baadaye nikaenda kumwona. Sukari imepanda. Magoti yamekakamaa, kutoka kwenye sofa mpaka ashikwe mkono. Nikaanza kumhoji kama mgonjwa wa kliniki: unakula nini, dawa unameza? Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mmeninunulia kiti cha kusubiria kufa."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

3.
Wengi wetu tunadhani kumheshimu mzee ni kumkalisha. Mwili hauko hivyo. Msuli unaofanya kazi unachota sukari kwenye damu na kuitumia. Msuli uliokaa unanyauka, na mzee mwenye misuli iliyonyauka ndiye anayeanguka usiku akienda chooni. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku 3 wafanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili ili wasianguke.

Sasa mwambie mamkubwa wangu aende jim. Atacheka mpaka kanga imdondoke. Lakini kupalilia, kuinuka, kutembea na maji kidogo mkononi, hayo hahitaji kufundishwa. Tena ana sababu ya kuamka asubuhi, na mboga inafika mezani.

Sijasema umrudishie ekari mbili. Nasema matuta mawili, matatu, karibu na nyumba, karibu na maji.

4.
Haya, tufunge kapu.

Kapu lenyewe: la ukili, lenye mikono imara. Zawadi zikiisha kutolewa, atalitumia kuvunia.

Mbegu: muulize kwanza anataka nini, usimchagulie. Halafu hakikisha kuna kitu cha haraka. Mchicha ndani ya wiki 3 hadi 4 ameshaanza kuchuma, na mzee akiona matokeo anapata hamu. Bamia na ngogwe zifuate. Nunua duka la pembejeo, angalia tarehe kwenye pakiti. Yale maandishi madogo hatayaona, hasa kama ana mtoto wa jicho, kwa hiyo andika jina juu ya pakiti kwa kalamu nene.

Jembe dogo lenye mpini mrefu, asiiname sana. Mpini ukiwa mwembamba, uzungushie tyubu kuukuu ya baiskeli. Vidole vyenye maumivu ya viungo vinashika kitu kinene vizuri kuliko chembamba.

Keni ya kumwagilia ya lita 5, isizidi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukimpa ndoo ya lita 20 umempa mzigo wa kilo 20 abebe kwenye njia ya utelezi.

Stuli ya kukalia wakati wa kupalilia. Iwe ya urefu ambao anaweza kuinuka mwenyewe. Usimpelekee kitu kifupi kama mbuzi ya nazi, utamkuta bado yuko chini anaita watu.

Glavu ngumu, na viatu vya kufunika mguu wote. Hapa kwenye viatu naomba tusimame.

5.
Kapu langu la kwanza nililifunga kwa mbwembwe. Ndani nikaweka gambuti nzuri za kijani. Namba nilikisia. Zilikuwa zinambana, na mamkubwa hakusema, maana zawadi ya mtoto hairudishwi. Akazivaa kila asubuhi.

Kisukari kikikaa miaka kinaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu anachubuka na hasikii. Mjukuu ndiye aliyeona damu kwenye soksi, na wakati huo kidole gumba kilikuwa kimeshafanya kidonda. Tulimpeleka zahanati kusafishwa kidonda kwa karibu miezi miwili. Kidole kilipona. Lakini mimi nimeshawahi kumwandaa mgonjwa wa theatre akatwe mguu ulioanza na mchubuko mdogo kuliko ule, kwa hiyo ile miezi miwili sikuwa nalala vizuri.

Basi usikisie. Mwambie aliyeko nyumbani amsimamishe mzee juu ya karatasi, achore nyayo zote mbili kwa kalamu. Afanye jioni, maana jioni miguu huwa imevimba kidogo. Nenda dukani na hiyo karatasi. Kiatu kiizidi kidogo. Weka na soksi nyeupe za pamba, damu ionekane mapema. Na kila kabla ya kuvaa, aingize mkono ndani ya kiatu aangalie kama kuna kijiwe au mdudu.

6.
Usichoweka kwenye kapu: sumu ya wadudu. Naomba sana. Ile chupa ya soda iliyotiwa dawa "kidogo tu ya kunyunyizia" nimeipokea hospitali ikiwa imenywewa na mtoto. Kwa matuta matatu majivu yanatosha, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha.

7.
Kuna zawadi mbili ambazo haziingii kwenye kapu. Ya kwanza ni chanjo ya pepopunda. Mdudu wake anaishi kwenye udongo na kwenye samadi, anaingia kwa kidonda, hata cha mwiba. Wamama wengi walichanjwa wakiwa wajawazito, lakini kinga hupungua na miaka, na wababa wengi hawajawahi kabisa. Mpeleke kituo cha afya akaulizie kabla hajashika udongo.

Ya pili ni utaratibu. Aingie bustanini asubuhi kabla jua halijawa kali, akiwa ameshakula. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asilime na njaa, sukari inaweza kushuka ghafla. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, akae chini, apewe kitu cha sukari haraka. Anayetumia dawa za presha ainuke taratibu kutoka kwenye stuli, ahesabu mpaka kumi ndipo atembee.

8.
Najua utasema, "Dada nesi, majirani watanionaje? Mtoto yuko mjini ana kazi, mama yake analima!" Wataongea, ndiyo. Sisi walitusifia sana tulipopeleka sofa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku mama anashindwa kuinuka kwenye hiyo sofa.

Wapo pia wazee ambao kweli hawawezi. Moyo umechoka, au kiharusi kimepita. Huyo mpelekee ndoo mbili kuukuu zenye udongo uziweke barazani, apande mchicha akiwa amekaa. Na yule aliyelima maisha yake yote na sasa anasema amechoka, anataka redio yake tu, mnunulie redio. Ndiyo maana nikasema umuulize kwanza.

9.
Mamkubwa sasa ana matuta matatu. Sukari bado tunapambana nayo, wiki nyingine iko juu, sitakudanganya. Lakini kwenye sofa anainuka mwenyewe. Mwezi uliopita alilipakia kapu langu kwenye basi likanifuata mjini, limejaa bamia na ngogwe, na ujumbe kwa kondakta: mwambieni kapu nalitaka, alirudishe.

Sehemu ya 8 nitaongelea namna ya kumkagua mzee miguu bila kumwaibisha. Kwa leo, mpigie simu mzee wako. Muulize angependa kupanda nini.